Ukienda Kununua Cherehani ya Ngozi, Beba Ngozi Yako

Wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na kijana wa Kisauni. Yeye na wenzake watatu wamechanga pesa, wataka kuanza kushona makubadhi na mishipi, na wamesikia kuwa nina mpwa wangu Nakuru afanyaye kazi hiyo. Swali lake lilikuwa fupi: "Ami, tununue mashine gani?" Nikamuuliza, mwataka kushona nini, na ngozi yenu ina unene gani? Akanyamaza. Kunyamaza huko nakujua, kwani mwaka 2018 nilinyamaza vivyo hivyo mbele ya muuzaji, na dadangu akapoteza bangili zake mbili.

Mimi si fundi. Diploma yangu ni ya uhasibu. Lakini tangu mkasa ule nimekaa saa nyingi sana kwenye kibanda cha mpwa wangu mtaani Bondeni, Nakuru, na nikaanza kuuliza maswali ambayo nilipaswa kuyauliza kabla ya kutoa pesa. Haya ndiyo majibu niliyoyapata. Nayaandika kwa ajili ya wale wa Kisauni na wengine walio kwenye hali kama yao.

Watu wetu hushangaa kijana wa pwani aende Nakuru kushona viatu, hali Lamu na Mombasa ndiko makubadhi yaliko na jina. Sababu ni ngozi na wateja. Nakuru iko katikati ya wafugaji: kuna ng'ombe wa Baringo na Narok, na kondoo wa Molo. Mjini pale kuna kiwanda cha kudabighi ngozi, Nakuru Tanners. Kuna shule chungu nzima, kuna mashamba ya maua Naivasha, na huko Njoro na Gilgil kuna watu wenye farasi ambao hatamu zikikatika hawana wa kuwashonea jirani. Na Bondeni ni mtaa wenye Waislamu tangu zamani, mgeni wa pwani hapotei.

Basi mpwa wangu alipomaliza kujifunza kwa fundi mmoja mzee, tukaamua kumnunulia cherehani. Dadangu akauza bangili, mimi nikaongeza, jumla ikawa shilingi 38,000. Muuzaji akatuonyesha cherehani ya kiwandani, na meza yake na mota yake, nzito ya kubebwa na watu wawili. Akachukua kipande cha jinzi, akakikunja mara nne, akakanyaga. Sindano ikapita kama kisu kwenye halua. "Hii inashona ngozi hata ya ndovu," akasema. Tukalipa.

Siku ya pili mpwa wangu akaweka mshipi: ngozi mbili, kila moja milimita tatu na nusu. Sindano ya kwanza ikavunjika. Ya pili ikapita lakini ikaruka mishono. Ngozi ya chini ikatoka na alama za meno kama iliyotafunwa, na ya juu ikabaki nyuma hata ncha mbili hazikulingana. Yule mzee aliyemfundisha akaja, akaizungusha kwa mkono, akacheka kidogo. "Hii mashine si mbaya," akasema. "Ni ya nguo."

Tuliporudi, muuzaji alisema alituuzia mashine nzima, na kweli ilikuwa nzima. Sote twajua kuwa muuzaji hana ruhusa kuficha aibu ya bidhaa, na mnunuzi akiigundua ana haki ya kurejesha. Hapa aibu haikuwa kwenye chuma, ilikuwa kwenye neno la muuzaji, na neno lile hatukuliandika popote. Siku hizi mpwa wangu akinunua mashine huomba risiti iandikwe: "ya kushona ngozi, unene wa milimita saba." Muuzaji mkweli huandika. Yule anayeanza kugunaguna, mwachie duka lake.

Anza na ngozi

Kabla ya kutaja jina la mashine yoyote, pima. Ngozi ya bitana, ya mbuzi au kondoo, huwa karibu milimita moja. Ya juu ya kiatu ni moja na nusu hadi mbili. Ya mkoba ni mbili hivi, na ya mshipi tatu hadi nne. Lakini kinachovunja sindano ni mahali palipo panene kuliko pote katika kitu unachoshona. Mkoba wa ngozi ya milimita mbili, pale mshikio unapoingia kwenye mkunjo, unaweza kuwa na tabaka nne. Hapo ni milimita nane. Cherehani yako lazima ipande hapo na kushuka bila kubadilisha urefu wa mshono.

Halafu tazama umbo. Mshipi ni bapa, hulala mezani. Mkoba ulioungwa pande zote ni kama ndoo, na kiatu ni shimo. Cherehani ya meza bapa haitashona ndani ya kiatu kilichokwisha kufungwa hata uipe mota ya lori.

Cherehani zilizopo

Ile ya nyumbani, Singer ya kukanyaga au Butterfly, kila nyumba ya pwani inayo au iliwahi kuwa nayo. Hushona bitana na ngozi laini ya tabaka mbili nyembamba, ukiiwekea sindano ya ngozi na ukaenda polepole. Usiiombe zaidi, utaiua, na mama mwenye nyumba atakuua wewe.

Ile ya kiwandani ya mshono ulionyooka, ndiyo tuliyouziwa sisi. Imeumbwa kwa mwendo, maelfu ya mishono kwa dakika. Meno ya chini peke yake ndiyo yanayosogeza kitambaa, na mguu wa juu umekaa tu unakandamiza. Kwenye shati hakuna neno. Kwenye ngozi, tabaka la chini huvutwa na la juu hukwama chini ya mguu, ndiyo maana ncha za mshipi wetu hazikulingana.

Cherehani ya viatu ni ile yenye mkono mrefu mwembamba unaoingia hadi ndani ya kiatu. Mguu wake huzunguka pande zote, kwa hiyo wageuza mguu badala ya kugeuza kiatu. Mashuhuri ni Singer 29K. Ile K ni ya Kilbowie, kiwanda cha Singer kilichokuwa Scotland, kikafungwa mwaka 1980. Maana yake 29K yoyote unayoiona ni ya miaka hiyo au kabla. Bado zafanya kazi. Ubaya wake ni bobini, ndogo mno, na uzi mzito hauipendi. Ukipita Tex 90 wajitafutia taabu. Ukiikagua, shika mguu na uusukume, kisha zungusha gurudumu la mkono mbele na nyuma kidogo kidogo. Zile zilizochakaa, gurudumu hutembea kwanza ndipo sehemu za mbele ya mkono zifuate. Pengo hilo ni meno ya ndani yaliyolika, na mshono wake utakuwa mfupi hata uweke kipimo cha mwisho.

Kuna pia ile ya Kichina ya kuzungusha kwa mkono, iliyoiga mfano huo. Ni rahisi, haitaki umeme, na huja ikiwa chafu na yenye kingo kali zinazokata uzi. Mpwa wangu alikaa siku mbili na msasa mwembamba akilainisha kila mahali uzi unapopita. Baada ya hapo ikamlisha miaka miwili. Si ya kujivunia mbele ya wageni, lakini kwa kiraka, kwa kamba ya kubadhi na kwa zipu ya mkoba, yatosha.

Ya mwisho ndiyo anayoitaka kila mshona mikoba: cherehani yenye mguu unaotembea. Sindano, mguu na meno husogea pamoja, vyote vitatu vikiwa vimeishika ngozi, basi hakuna tabaka linaloachwa nyuma. Singer 111W155 ni ya zamani na imara. Juki DNU-1541 ni ya kisasa zaidi. Hizo ni za meza bapa. Pfaff 335 ina mkono wa duara kama bomba, nzuri kwa mikoba na vitu vidogo vilivyopinda. Za meza bapa hupitisha hadi karibu milimita 10. Kwa matandiko ya farasi na hatamu nene kuna jamii nyingine kubwa zaidi, kama Juki TSC-441, lakini bei yake usiitaje mbele ya mtu mwenye shinikizo la damu.

Ukipata ya mitumba, fanya haya kabla ya kutoa shilingi. Toa ukanda wa mota, zungusha gurudumu kwa mkono: isikwame mahali popote. Shika mti wa sindano, uutikise. Ukicheza, sindano itaigonga ndoana ya chini. Fungua, tazama ncha ya hiyo ndoana kwa tochi ya simu: iwe kali, isiwe na kutu. Kisha toa ngozi yako mwenyewe kutoka mkobani, tabaka mbili, na mahali pamoja tabaka nne, na uzi wako, ushone upande na upande, ukitazama juu na chini. Muuzaji akikupa jinzi, mrudishie kwa heshima.

Na uliza bobini na sindano zake zauzwa wapi. Mashine ya ajabu isiyo na sindano Nakuru wala Mombasa ni pambo la sebuleni.

Mota na stima

Hili liliwahi kumpata jirani wa mpwa wangu. Alinunua cherehani nzuri iliyotoka kiwandani, akafika nayo, kumbe mota yake ni ya fezi tatu. Kibandani kwake, kama kwa wengi wetu, laini ni moja ya volti 240. Soma kibati cha mota kabla ya kupakia garini.

Mota za zamani ni za klachi. Huzunguka tangu unapowasha swichi mpaka unapozima, hata kama hushoni, na tokeni zinakwenda. Pia ni kali: ukigusa kanyagio yaruka. Mota ya sevo huzunguka pale tu unapokanyaga, na waweza kuipunguza mwendo mpaka uhesabu mishono kwa mdomo. Kwenye ngozi tundu lililotobolewa halizibiki, mshono ukikosea alama hubaki milele, kwa hiyo mwendo wa polepole ndio wenye faida. Kama pesa haitoshi kubadilisha mota, badilisha puli iliyo kwenye mota, weka ndogo zaidi. Mwendo hupungua na nguvu huongezeka.

Sindano na uzi

Sindano ya nguo ina ncha ya duara, husukuma nyuzi kando na kupita. Ya ngozi ina ncha iliyonolewa kama patasi, hukata. Ukitumia ya duara kwenye ngozi ngumu huchemka, huvunjika, hutoboa vibaya. Ukitumia ya ngozi kwenye utepe wa nailoni utaukata. Kila cherehani ina aina yake: 29K hutumia 29x3 yenye ncha ya ngozi, au 29x4 ya duara, ile Juki hutumia 135x16 ya ngozi au 135x17 ya duara. Zisichanganywe.

Namba kubwa ya sindano ni unene wake: 140 ni milimita 1.4. Uzi wa Tex 70 waenda na sindano ya 100 au 110. Tex 90 wataka 110 hadi 125. Tex 135 wataka 140 au 160. Sindano ikiwa nyembamba kuliko uzi, fundo haliingii kati ya ngozi, uzi husagika na mwisho hukatika. Kwa vitu vya juani, viatu na mishikio, polyester hustahimili jua kuliko nailoni.

Mshono ukiruka, watu hukimbilia kugeuza mkazo wa uzi. Anza kwengine. Sindano imepandishwa mpaka mwisho? Mfereji wake mrefu umeelekea upande uzi unakoingilia? Kama hayo ni sawa, tazama ngozi sindano inapopanda. Ikiwa ngozi inainuka pamoja nayo, kile kitanzi cha uzi chini hakifanyiki, na ndoana haina cha kukamata. Ongeza mgandamizo wa mguu. Mpwa wangu asema nusu ya mashine anazoletewa kama mbovu zina ugonjwa huu tu.

Urefu wa mshono kwa mshipi uwe milimita tatu hadi nne. Kijana mpya hupenda mishono midogo midogo, aona ndiyo nadhifu. Tundu zikikaribiana sana ngozi hukatika kwenye mstari kama karatasi ya stempu. Na gundi ya kuungia tabaka iache ikauke mpaka isishike kidole, la sivyo sindano itapaka gundi kila mahali. Gundi hiyo tumia mlango wazi.

Kazi ya mkono

Tulipoiuza ile cherehani ya nguo tulipata shilingi 26,000. Hasara ya 12,000, ndiyo ada tuliyolipa. Katika pesa hizo tulinunua ile ya Kichina na vifaa vya mkono, na kusema kweli vifaa ndivyo vilivyomwinua.

Kisu kimoja kizuri na jiwe la kunolea. Rula ya chuma. Bikari ya kuchorea mstari wa mshono sawasawa na ukingo. Msharasi wa kutobolea, au uma wenye meno wa kupigia tundu kwa nyundo, juu ya ubao. Sindano butu mbili, uzi, na nta ya nyuki. Hapo mtu anaweza kushona mshipi na kubadhi bila cherehani yoyote. Mshono wa sindano mbili kwenye uzi mmoja, moja ikitoka huku nyingine ikitoka kule katika tundu lile lile, una nguvu ambayo cherehani haina: pindi moja ikikatika nyingine hushika. Wa cherehani ukikatika mahali pamoja huanza kufumuka. Ndiyo maana wenye farasi wa Njoro humlipa zaidi kwa mkono.

Kisu ndicho pia kitakachokuokoa na milimita nane za mshikio. Punguza ukingo kabla ya kukunja, tabaka nne ziwe na unene wa mbili. Mashine ndogo itapita.

Ngozi yenyewe

Mshipi ukatwe mgongoni mwa ngozi, kwani tumbo hunyumbuka. Ngozi za Bonde la Ufa huwa na chapa za moto na makovu ya kupe. Zungushia alama chaki kabla ya kupanga, mshono usipite hapo. Ngozi iliyodabighiwa kwa magome ni ya hudhurungi na ngumu, ukingo wake husuguliwa ukang'aa. Iliyodabighiwa kwa kromu ni laini, na ukiikata wakati mwingine waona ubuluu ndani. Ukingo wake haung'ai, ukunje au upake rangi. Habari za magome si ngeni kwetu. Wazee wa Lamu walipakia magome ya mikoko majahazini kwa kazi hii hii. Bara wakapanda miwati, na kampuni ya East African Tanning Extract ikawa na mashamba yake upande wa Eldoret.

Jambo moja kwa Waislamu wanaokata mikoba ya mitumba ili watumie ngozi yake kwa bitana: itazameni. Kwetu Mashafii, kudabighi hutoharisha ngozi ila ya mbwa na nguruwe. Ngozi ya nguruwe hujulikana kwa vitundu vyake vya nywele, vimekaa vitatu vitatu kama mafiga, na mara nyingi vyaonekana hata upande wa pili. Kubadhi litavaliwa kwenda msikitini. Mnunuzi hataliuliza hilo, kwani amekuamini.

Utunzaji hutofautiana kwa mahali. Nakuru ni vumbi. Wengi husema jina lenyewe latokana na neno la Kimaasai la vumbi. Funika cherehani kila jioni, na kila Ijumaa asubuhi ifute chini ya bamba la sindano kabla ya kutia mafuta, maana mafuta juu ya vumbi huwa msasa. Mji uko juu ya mita 1,800, asubuhi ni baridi na grisi hukaza, basi izungushe kwa mkono mara kadhaa kabla ya kuwasha. Kwetu pwani adui ni chumvi na unyevu. Ndoana hushika kutu kwa wiki moja ukiiacha kavu, na ngozi hushika ukungu ukiiweka kwenye mfuko wa plastiki. Itundike penye hewa.

Wale wa Kisauni nimewaambia wasinunue mashine mwezi huu. Wanunue ngozi kidogo na vifaa vya mkono, washone makubadhi kumi, wajue unene wao ni upi. Anayetaka mafunzo ya darasani, kuna kituo cha serikali cha mafunzo ya viatu Thika. Anayetaka kuona mafundi wengi kwa siku moja, ashuke Kariokor, Nairobi, atembee akiuliza.

Mpwa wangu sasa anayo yenye mguu unaotembea, ya mitumba, aliyoipata kwa karakana iliyokuwa ikifungwa. Alikwenda na vipande vyake vya ngozi, akashona pale pale dukani mpaka mwenye duka akachoka kusubiri. Bangili moja imerudi mkononi mwa dadangu. Ya pili asema itarudi baada ya Januari, shule zikishafunguliwa na mishipi ikauzwa.